Vumbi Lipitapo: Utangulizi wa Elimu ya Sauti Ndani ya Gari Kuukuu la Michezo

Gari linapofikishwa gereji baada ya kiangazi kizima kwenye barabara za wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, mwenyewe huwa na ombi moja la haraka: lioshwe kwanza, kazi ifuate. Ningemwomba asubiri. Vumbi jekundu lililojaa chini ya siti, likajichora mistari kwenye kingo za milango na kutanda juu ya waya nyuma ya dashibodi, ni ushahidi ambao maji ya presha yataufuta kwa dakika chache. Vumbi haliwezi kupenya bati wala kioo. Lina njia zake, nazo ni njia za hewa. Na sehemu kubwa ya sauti inayomchosha dereva wa gari kuukuu hupita humohumo. Msomaji akiishia hapa bila kufungua ukurasa mwingine, ashike hilo: lilipopita vumbi, na kelele imepita.

Kitabu hiki nimekiandika kwa ajili ya fundi siti, fundi bodi, kijana aliyejichanga akanunua Altezza ya mwaka 2000, na mwanafunzi wa uhandisi ambaye amesoma mawimbi ya sauti ubaoni lakini hajawahi kung'oa kapeti la gari. Kwa kawaida watu hawa hawakai benchi moja. Fundi siti anajua kitambaa na sponji, fundi bodi anajua bati na puti, na mhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji anajua hesabu. Kelele hupenya kwenye mipaka ya kazi zao, pale ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ameshamaliza.

Fundi siti, hasa, asidhani kwamba anakaribishwa kwenye elimu ya wenyewe. Elimu ya sauti ndani ya kumbi ilianzia kwenye mito ya kukalia. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitakiwa aponye ukumbi mmoja wa mihadhara ambamo maneno ya mzungumzaji yaligongana hewani hata yasisikike. Yeye na wasaidizi wake walikuwa wakibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo usiku, wakaipanga katika ukumbi mgonjwa, wakapuliza filimbi ya kinanda na kupima sauti inachukua muda gani kufa, kisha wakairudisha mito kabla hakujapambazuka. Kipimo chake cha kwanza cha ufyonzaji wa sauti kilikuwa urefu wa mto. Kutokana na kazi hiyo ya usiku ikazaliwa kanuni ya mwangwi ambayo wajenzi wa kumbi wanaitumia hadi leo. Upande wa magari ulichelewa kidogo. Mwaka 1952 Oberst wa Ujerumani alieleza kwa hesabu namna tabaka laini lililogandishwa juu ya bati jembamba linavyoua mtetemo wake, na mwaka 1959 Mmarekani Edward Kerwin akaonyesha kwamba tabaka hilo likibanwa juu yake na karatasi ngumu ya chuma, linafanya kazi kubwa zaidi kwa uzito mdogo zaidi. Vile vipande vyeusi vyenye mgongo wa alumini vinavyouzwa leo kwenye maduka ya urembo wa magari ni wajukuu wa hesabu za Kerwin, hata kama muuzaji hajui.

Kwa gari la michezo nina maana ya gari jepesi, lililokaa chini, lenye injini kubwa kuliko mahitaji ya kwenda sokoni, lililobuniwa ili dereva afurahie kuendesha. Kwa Tanzania ya leo linalokaribia zaidi maelezo hayo, na ambalo mtu wa kipato cha kati anaweza kulipata, ni Toyota Altezza. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1998 ikakoma 2005. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ile ya RS200 ina injini ya silinda nne ya lita 2 yenye nguvu za farasi 210. Ni sedani ya milango minne, na wapo watakaonibishia kwamba sedani haiwezi kuitwa gari la michezo. Wabishe. Gari linaloendeshwa kila siku kati ya Masasi, Nachingwea na Ruangwa lina mengi ya kutufundisha kuliko lile lililofunikwa turubai huko Masaki, Dar es Salaam. Na kwa kuwa serikali hutoza magari yaliyozeeka ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine, lililokwisha kuingia nchini lina sababu ya kutunzwa.

Nyuma ya Altezza kuna ukoo mrefu wenye historia katika ardhi yetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na zilikuwa mtihani wa vumbi na matope kabla hazijawa mtihani wa kasi. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alizishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, ambalo ni gari la familia tu. Datsun 240Z, gari la michezo hasa, likashinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Lile la 1971 Nissan wamelihifadhi hadi leo huko Zama, Japani. Toyota Celica ya turbo ikachukua miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Nayataja kwa sababu mwenye gari la michezo kusini mwa Tanzania huambiwa mara kwa mara kwamba gari lake halikuumbwa kwa barabara hizi. Ndugu zake wakubwa walijijengea jina kwenye barabara kama hizi, ila wao walifanyiwa matayarisho.

Hebu tuone basi kwa nini ndani ya gari la aina hii kuna kelele kuliko ndani ya gari jingine la umri huohuo. Mtengenezaji alikuwa anakwepa uzito. Datsun 240Z lilitoka kiwandani na kilo 1,000 na kidogo hivi, likiwa na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Uzito huo haukupatikana kwa muujiza, ulipatikana kwa bati jembamba na matabaka machache chini ya kapeti. Sakafu iko karibu na bomba la moshi. Tairi ni pana na springi ni ngumu, hivyo kila kokoto inapiga ripoti moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Halafu inakuja miaka: raba za milango zinakauka na kupasuka, klipu zinavunjika, vipande vya lami ambavyo kiwanda kilivibandika sakafuni vinaachia, na katika kila mkono gari lilimopita kuna mtu aliyetoboa tundu la kupitishia waya akasahau kuliziba.

Hilo tundu linastahili hesabu yake. Chukua mita mraba moja ya bati lenye unene wa milimita 0.8. Lina uzito wa kilo 6 na robo hivi. Kwa sauti ya hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, makadirio ya darasani yanasema bati hilo linaruhusu takriban sehemu 1 katika 800 ya nguvu ya sauti kupita. Si haba. Sasa toboa katikati yake tundu la sentimita 3 kwa 3. Eneo la tundu halifiki hata sehemu 1 katika 1,000 ya bati zima, lakini kila kinachofika pale kinapita bila kupunguzwa, na jumla yake ni zaidi ya theluthi mbili ya sauti yote inayopenya bati lililobaki. Endelea mbele kidogo. Mwenye gari anakwenda mjini, ananunua matabaka mazito, anaongeza uzito wa bati maradufu, na anapata upungufu wa desibeli 6 kwa upande wa bati. Tundu halijaguswa. Sasa lenyewe linapitisha sauti karibu mara tatu ya bati lote. Fedha imekwisha, gari limenenepa, na mwenye gari anashangaa kwamba tofauti haionekani.

Ninakutana na tundu hili mara nyingi nyuma ya dashibodi, kwenye ule ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, na mara nyingi limetobolewa na fundi redio aliyekuwa anavuta waya wa betri kwenda kwenye amplifaya. Muziki uliongezwa nguvu ili ushinde kelele, na waya wake ukaleta kelele zaidi. Raba ya kupitishia waya ni kitu cha bei ndogo sana.

Kusoma vumbi, kwa hiyo, ndiyo stadi ya kwanza. Toa siti na kapeti gari likiwa chafu. Ukiona utepe wa vumbi kwenye kona ya chini ya mlango, ujue raba imekufa, au bawaba zimelegea na mlango umeshuka. Fungia karatasi mlangoni uivute, ikitoka bila kukataa, hapo hapabani. Ukiona vumbi limetawanyika kuzunguka mkono wa gia, ile raba ya chini imechanika, na pamoja na vumbi kunaingia mngurumo wa giaboksi na joto lake. Kapeti likiwa safi juu lakini chini yake kuna udongo, tazama mashimo ya sakafu: viwanda huacha mashimo ili rangi ya kuzuia kutu ichuruzike bodi inapotolewa kwenye birika, kisha huyaziba kwa vifuniko vya raba, na vifuniko hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza.

Vumbi la nyuma ni habari nyingine, nalo lisidharauliwe. Gari linapokwenda, hewa ya nyuma yake huwa na shinikizo dogo, na uchafu wa barabarani hurudi kulifuata. Raba ya mlango wa nyuma au ya buti ikiwa mbovu, vumbi hunyonywa kuingia ndani, na moshi wa eksozi huja nalo. Wenye 240Z wanaijua harufu hiyo dunia nzima. Ndani ya moshi huo kuna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Gari lenye vumbi jingi nyuma ya siti lizibwe kabla halijafikiriwa habari za ukimya. Wakati kazi inasubiri, fungua njia ya hewa ya nje, washa feni, funga vioo vyote: hewa inayosukumwa ndani hujaza gari na kulisukuma vumbi litoke. Madereva wengi wanafanya kinyume, wanafunga kila kitu na kuzungusha hewa ya ndani, halafu wanalaumu barabara.

Lami imefika kwenye sehemu za barabara za Nachingwea na Ruangwa, na inaendelea. Lakini ukiiacha, kuelekea vijijini kwenye maghala ya korosho na ufuta au kwenye machimbo, udongo ni uleule. Wazee wa Nachingwea wanakumbuka simulizi za Mpango wa Karanga wa mwaka 1947, ambao ulileta matrekta hapa, Kongwa na Urambo, ukavunjwa mwaka 1951. Kule Kongwa ardhi iliyokauka ilikula majembe ya mashine kabla karanga hazijaota. Wenye mpango huo walileta chuma kabla ya kuusoma udongo, na mimi huwa nawataja kwa wanafunzi wanaofika na mikoba ya vifaa kabla hawajapiga magoti kutazama sakafu.

Njia ya pili ya kelele haiachi vumbi, na hapo msomaji atahitaji vidole na sikio. Mtetemo wa injini, giaboksi na magurudumu hupanda kwenye chuma chenyewe, ukafika kwenye bati pana la sakafu, paa au mlango, na bati likaimba. Gonga kwa kifundo cha kidole. Bati lililo hai hulia kwa muda. Lililotulizwa hujibu kwa mdundo mfupi na kunyamaza. Hapo ndipo tabaka la Kerwin linapofanya kazi, na hapo pia ndipo fedha nyingi inapopotea, kwa kuwa wauzaji wanapenda kuona gari lote limefunikwa alumini toka sakafu hadi paa. Haihitajiki. Kufunika robo hadi nusu ya bati, katikati ambako linatikisika zaidi, huleta sehemu kubwa ya faida. Chagua lenye gundi ya butili. Lami ya kuezekea mapaa, ambayo baadhi ya mafundi huikata kwa sababu ni rahisi kupatikana, huyeyuka ndani ya gari lililofungwa juani, hutoa harufu, na ikiwa imebandikwa juani huko Ruangwa mwezi wa kumi itaanguka yenyewe kutoka kwenye paa.

Kuna jaribio moja la kutenganisha vyanzo ambalo halina gharama. Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, kisicho na watu wala mifugo, fika kilomita 60 kwa saa, kisha weka gia huru bila kuzima injini. Kelele iliyopungua ghafla ni ya injini na eksozi. Iliyobaki ni ya tairi na upepo. Nimewaona watu wakibandika matabaka kwenye ukuta wa injini kwa kelele ambayo jaribio hili lingewaambia kwamba ni ya beringi ya gurudumu.

Mngurumo wa chini ndio mgumu kuliko yote, na ndio unaochosha safari ndefu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 100 kwa sekunde. Ya silinda sita, mara 150. Wimbi la sauti ya hezi 100 lina urefu wa mita tatu na nusu. Ili sponji lilifyonze vizuri linahitaji unene unaokaribia robo ya wimbi, yaani sentimita 80 na zaidi, jambo ambalo lingemtoa dereva nje ya gari. Kwa hiyo mteja anayemwambia fundi wake, "Kaka, nijazie sponji mpaka mngurumo uishe," anaomba kisichowezekana. Dawa yake iko kwenye mauntini za injini zilizolegea, bushi zilizoliwa, na raba za kuning'iniza eksozi zilizokatika zikabadilishwa na waya. Waya huo hubeba mtetemo wote na kuukabidhi kwa sakafu. Programu za simu za kupima desibeli zinaweza kukudanganya hapa, maana nyingi hupima kwa kizani kinachofuata wepesi wa sikio, na kwa hezi 100 kizani hicho hupunguza karibu desibeli 19. Simu itasema gari limetulia na kichwa kitaendelea kuuma. Itumie kulinganisha kabla na baada tu: simu ileile, mahali palepale, kasi ileile, upepo wa tairi uleule.

Baada ya kuziba na kutuliza, ndipo uzito unapostahili. Tabaka zito linaloning'inia laini, lililotenganishwa na bati kwa sponji la vitundu vilivyofungwa, hufanya zaidi ya uzito huohuo ukigandishwa moja kwa moja. Narudia vitundu vilivyofungwa, vya aina ya ndala. Sponji la godoro lina vitundu vilivyo wazi, linakunywa maji, na kusini mvua zikianza mwezi wa kumi na mbili hazina mapumziko marefu hadi mwezi wa nne. Sakafu iliyofunikwa kwa godoro msimu mmoja itakuwa na kutu msimu ujao, na hakuna atakayeiona. Kumbuka pia kupima: mita mraba nne za tabaka la kilo 5 kwa kila mita ni kilo 20. Kwa gari la tani moja hicho si kidogo, na gari la michezo lililofanywa zito limeibiwa jambo lake.

Sehemu ya kitabu iliyonivutia zaidi kuandika ni ile ya malighafi, kwa kuwa wilaya hizi mbili zimekalia vitu ambavyo dunia inavitumia kutuliza magari. Korosho kwanza. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza mikono ya wabanguaji. Yakichakatwa yakagandishwa na kusagwa, huwa unga unaochanganywa kwenye pedi za breki na sahani za klachi, kupunguza ukali wa msuguano na milio yake. Jambo hili linafanyika viwandani tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ghafi, na ganda huenda nayo. Inawezekana kabisa kwamba lililotoka Nachingwea limewahi kurudi likiwa ndani ya breki za gari la mtumba. Kisha kinywe, madini yanayopatikana Ruangwa. Unga wake mkavu ni kilainishi bora cha bawaba na vitasa kwenye nchi ya vumbi, maana grisi hukusanya mchanga na kinywe hakikusanyi. Kikishughulikiwa kwa asidi, hupata tabia ya kufura kinapopata moto, na hivyo hutiwa kwenye sponji za viti vya ndege ili zisishike moto kwa urahisi.

Moto si jambo la kupita. Marekani imetaka tangu mwaka 1972 kwamba kitambaa, sponji na kapeti la gari visiungue kwa kasi ya zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Fundi siti anaweza kuijaribu kanuni hiyo uwanjani kwa utepe wa kitambaa, rula na saa, mbali na watoto. Ninaisisitiza kwa sababu ya sufi. Nyuzi za msufi ni tupu kwa ndani, zina nta inayokataa maji, nyepesi ajabu, na zinafyonza sauti za juu vizuri sana. Zinawaka vilevile. Ndani ya paneli ya mlango ningezijaribu. Juu ya njia ya eksozi, hapana. Makumbi ya nazi kutoka pwani ya Lindi hayana ubaya huo kwa kiwango kile, na yakiunganishwa kwa utomvu wa mpira yalikuwa ndani ya siti za Volkswagen na Mercedes-Benz kwa miongo mingi. Siti ya makumbi hupumua kwenye joto, jambo ambalo sponji la siku hizi haliliwezi.

Kuhusu kurejesha, msimamo wangu ni wa kihafidhina na sitauficha. Usitupe kitambaa cha zamani: kifumue, kitandaze, kiwe kiolezo, kisha kihifadhi kwenye mfuko. Usiongeze sponji la siti likapita kimo cha mwanzo, kwa kuwa katika gari lililokaa chini sentimita tatu zinatosha kubadilisha kichwa kinakofika na mguu unavyokanyaga klachi. Dashibodi ya 240Z hupasuka kwa sababu ngozi yake ya plastiki hupoteza ulaini kwa jua na sponji la ndani hujikunja; mafuta ya kung'arisha hayaurudishi ulaini huo. Vile vitambaa vyenye mishono ya almasi vilivyofunika njia ya giaboksi kwenye 240Z za mwanzo vishonwe tena kwa vipimo vyake, visibadilishwe na leza nyekundu kwa kuwa imo dukani. Gundi itumike pale tu ambapo klipu haiwezi, ili atakayekuja baada ya miaka 20 aweze kufungua bila kuchana. Na kwa Altezza kuna onyo: waya zenye soketi za njano ni za mifuko ya hewa. Toa betri, subiri dakika kadhaa, ndipo uziguse. Na usishone kava juu ya ubavu wa siti yenye mfuko wake humo.

Imebaki hoja ambayo wanafunzi huipenda kuliko zote: sauti gani ibaki? Gari la michezo likinyamazishwa kabisa huwa teksi ya bei mbaya. Mazda walipotengeneza MX-5 ya mwaka 1989 walikaa chini kuchagua mlio wa eksozi; Toyota 86 ya mwaka 2012 ina bomba maalumu linalopitisha sauti ya injini kuingia ndani; na kwa Lexus LFA, Toyota iliwaita Yamaha, watengeneza ala za muziki, wasaidie kupanga sauti ya injini. Watu haohao wa Yamaha ndio waliochonga mbao za ndani ya Toyota 2000GT mwishoni mwa miaka ya 1960. Mkoa wa Lindi, ambao mpingo wake huishia kwenye klarineti za Ulaya, una haki ya kuwa na maoni kuhusu mambo haya, na sioni kwa nini kichwa cha mkono wa gia cha Altezza ya Ruangwa kisichongwe kwa mpingo. Mimi hubakisha injini ikipanda, ili dereva abadilishe gia kwa sikio, na hubakisha mlio wa kokoto chini ya tairi za mbele, kwa kuwa ndio unaomwambia barabara imeanza kuteleza. Upepo wa mlangoni, bati linaloimba na eksozi inayogonga sakafu sivihurumii. Wengine watapanga tofauti, na sura ya saba inawapa nafasi yao.

Kabla ya kuendelea, andaa daftari, tochi, chaki ya kuwekea alama matundu, mifuko midogo ya kutenga boliti za kila siti, na simu ya kupiga picha kila hatua kabla ya kufungua. Fanya lile jaribio la gia huru, andika ulichosikia kwa maneno yako mwenyewe, si kwa desibeli. Gari lisiguswe na maji. Sura ya kwanza inaanzia sakafuni upande wa dereva, siti ikiwa imeshatolewa.